Saa Saba Mchana, Siku za Tamasha

14 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Barua hii ikukute mzima, na watoto wazima, na mumeo mwalimu awe bado anasahihisha madaftari huku anasinzia. Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa miaka sabini na minane: magoti yananung'unika, macho yanadai miwani mipya, masikio Mungu ameniachia. Mwenye nyumba ametengeneza bomba la jikoni baada ya miezi mitano, nami nikamshukuru kana kwamba amenijengea ghorofa. Ukizeeka ugenini unajifunza kushukuru haki yako.

Msalimie sana mama yako. Simu yake haipatikani wiki hii yote. Namjua dada yangu: atachaji simu za mtaa mzima, yake atasahau. Mwambie nangoja.

Sasa lililonikalisha mezani. Tangu Alhamisi hadi Jumapili iliyopita nilisikiliza redio ya taifa kwa masafa mafupi, kama ninavyofanya kila siku kwa miaka thelathini na mmoja. Nilisikia tamasha la muziki. Nikangoja liishe, nikasikia tamasha. Nilishika kalamu, nikahesabu watangazaji kumi na mmoja, wawili kati yao wakiuliza umati kila nusu saa kama upo. Umati ulikuwepo. Nani alipe kiingilio halafu asiwepo?

Fundi mitambo mstaafu, yule niliyemfundisha kuunga nyaya enzi zangu hapo kituoni, ameniandikia kwamba mlipeleka watu tisini na sita, magari matatu ya kurushia matangazo na mahema yenye viyoyozi. Na mikoani, anasema, hamna tena hata mwandishi mmoja. Mto ukifurika huko, taifa litaambiwa na nani? Na mpiga gitaa?

Mpaka hapo pengine ningenyamaza, maana mzee akilalamikia muziki anachekwa, na pengine anastahili. Lakini siku zote nne, saa saba mchana, wakati wa Matangazo ya Vifo, nilisikia ngoma na gitaa. Kipindi hicho nilikianzisha mimi. Unajua pia kwa nini nakaa kukisikiliza. Alipokufa mama yetu, jirani ndiye aliyepokea simu, akanitamkia habari ile kwenye ngazi, mfuko wa viazi mkononi, huku anatafuta ufunguo wake. Tangu siku hiyo niliwaambia nyumbani: kifo nisiambiwe kwa simu. Kisomwe redioni kama cha kila mtu, nami nitakuwa nimekaa, nimejiandaa. Mmelishika hilo kwa vifo vitatu, na kila mara nimewapigia kabla saa haijaisha.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliye mkubwa wa vipindi. Nani alikufa siku nne hizo, na jamaa zake walio mbali waliambiwa na nani?

Mjomba wako


16 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika. Watoto hawajambo, mwalimu hajambo. Nyumbani tupo. Mambo ya nyumbani tuyaweke kando kwa leo, nikujibu ulichouliza kama mkubwa wa vipindi, kwa kuwa ndivyo ulivyochagua kuniita.

Watu tisini na sita ni kweli. Sabini kati yao wanalipwa mshahara uleule wakiwa tamashani au wakiwa kantini wanasengenya. Magari ni matatu kwa sababu majukwaa ni matatu. Viyoyozi ni vya mitambo, si vya watu. Fundi wako anajua hilo vizuri, na kama hakukuandikia muulize kwa nini. Waandishi wa mikoani waliondolewa na bodi mwaka juzi, miezi kumi kabla mtu hajataja tamasha. Nilipinga kwa maandishi. Nilishindwa. Ukizifuta siku nne za muziki leo, hatarudi hata mmoja.

Unajua nani anatusikiliza, Mjomba? Watu wa rika lako, na wanapungua. Kijana wa miaka ishirini anafungua redio yetu mara moja kwa mwaka, siku hizo nne. Wanamuziki mia na ishirini walisikika, na wengi wao redio za biashara haziwagusi hata kwa ncha ya fimbo. Kama redio ya umma haiwapigi hao, nitajie basi kazi yake ni nini, zaidi ya kuwasomea wazee taarifa ya hali ya hewa.

Halafu nimeteremka maktaba ya kanda za sauti. Mwaka ulipofunguliwa uwanja wa michezo, mkuu mmoja wa vipindi alirusha mashindano ya kwaya siku tisa mfululizo. Tisa, si nne. Saini iliyo kwenye agizo lile naifahamu, maana ndiyo iliyokuwa ikinitilia sahihi ripoti za shule baba alipokuwa safarini. Niwie radhi, lakini nyani haoni kundule.

Matangazo ya Vifo yalihamishiwa kwenye mtandao kwa siku nne. Agizo ni langu, la tarehe ishirini na saba Januari. Hapo sina la kuongeza.

Mkurugenzi wa Vipindi


11 Aprili

Mkurugenzi,

Maana ndivyo ulivyotia saini, na mimi ni mtu wa kufuata saini.

Salamu kwa watoto, ambao hawana kosa. Mvua ya huku ni ya manyunyu, haina hata adabu ya kunyesha ikaisha. Yule mwanamke wa duka la dawa, anayeniita babu bila ruhusa yangu, amenipunguzia chumvi. Sasa hata mayai nayala kwa imani.

Umeniita nyani. Nilikuwa nakubeba mgongoni ukapachike masikio kwenye spika ya studio, leo umepata methali ya kunivika. Sawa. Lakini ulipoteremka maktaba ungeteremka ngazi moja zaidi, ukasikiliza kanda zenyewe. Siku zote tisa, saa saba mchana, vifo vilisomwa. Kwaya zilingoja. Kuna kanda ambamo unasikia kabisa watoto mia mbili wamesimama kimya uwanjani, mmoja anakohoa, na msomaji anasoma majina hadi la mwisho. Ndipo wakaimba. Tofauti yetu iko hapo, si kwenye idadi ya siku.

Unaniambia mliyahamishia mtandaoni. Mtandao haufiki kwa wavuvi walioko ziwani wala kwa mama aliye shambani, na haufiki kwenye redio yangu. Vijana mnawafuata hadi uwanjani na magari matatu, wafiwa mnawaambia wawafuate ninyi.

Hayo yote nimeyaandika gazetini. Makala ilitoka wiki jana, nimeambiwa, ukurasa wa tano, na jina langu kamili. Sikukuonya kwa sababu ungenizuia, au ungenibembeleza, na ya pili ingekuwa mbaya zaidi.

Sasa jambo jingine. Nilikuuliza habari za mama yako, ukanijibu idadi ya majukwaa. Simu yake bado haipatikani. Yako inapokelewa na katibu, nami siwezi kumwuliza katibu habari za dada yangu. Nikampigia fundi mitambo. Akaniambia, "Muulize mpwa wako," kisha akaanza kuzungumzia mvua. Huyo mtu nimemjua miaka hamsini. Hajawahi kuzungumzia mvua.

Nitauliza mara moja tu. Dada yangu yuko wapi?

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba,

Sianzi kwa salamu.

Mama alifariki Jumamosi, tarehe saba Februari, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Tulimzika Jumapili. Figo zilianza kumsumbua tangu Novemba. Alinikataza kukwambia. "Akijua ataanza kuniandikia barua," alisema, "na mimi sina nguvu za kuzisoma."

Tangazo nililiandika mwenyewe, nimesimama kwenye kaunta ya hospitali, nyuma ya fomu ya malipo. Dereva wa kituo alilipeleka kwenye dawati la matangazo kabla ya saa mbili. Ndivyo tulivyofanya kwa wengine watatu, kama ulivyotaka. Hakuna aliyefungua redio pale nyumbani, watu walikuwa wamejaa hadi barazani, na mimi sikuwa na akili ya redio. Sote tulijua lazima litasomwa, na kwamba wewe utakuwa umekaa.

Tukakungoja. Jumamosi alasiri kila simu ikilia watu walikuwa wanageuka. Mama mdogo aliiweka simu ya marehemu mapajani, akisema utapiga hiyo. Ilipozimika chaji hatukuichaji tena. Jumapili makaburini tulichelewesha nusu saa kwa ajili yako, watu wamesimama juani. Jumatatu mama mdogo alisema, "Aliyekaa huko sana huoza moyo kabla ya mwili," na hakuna aliyekutetea. Mimi pia sikukutetea.

Kisha barua yako ya kwanza ikaja. Niliisoma nikipanda ngazi za ofisini. Nilipofika penye gitaa nilikaa chini, pale pale kwenye ngazi, watu wakanipita wakidhani nimepata kizunguzungu. Agizo lile nilitia saini pamoja na karatasi nyingine thelathini. Mkurugenzi Mkuu alitaka tamasha lisikike duniani kote, masafa yote, mafupi na marefu. Nikatia saini, nikaenda hospitali kumwogesha mama. Sikulikumbuka tena. Nimepeleka tangazo la mama yangu kwenye kipindi nilichokifunga kwa mkono wangu. Yule wa dawati aliliona jina, akaogopa kuniambia, akalibandika mtandaoni kati ya ratiba ya majukwaa na picha za vibanda vya chipsi.

Mtu angekuandikiaje hayo? Nilikuandikia habari za viyoyozi.

Ningekuambia, nadhani. Nilikuwa nimeanza barua mara mbili. Ndipo makala yako ikatoka. Kamati inayotukagua iliniita. Mjumbe mmoja, mtu anayelala tangu kikao kinaanza, aliamshwa asome maneno yako kwa sauti: "Nani alikufa siku nne hizo?" Akanitazama, akangoja. Jibu nilikuwa nalo. Nilimwambia nitawasilisha takwimu kwa maandishi.

Kwa hiyo usinifundishe kuhusu wafiwa. Wewe ulipokuwa unahesabu watangazaji, mama alikuwa anazikwa. Tungekupigia simu, kama wanavyopigiwa binadamu wengine, ungekuwa umejua kabla ya kunywa chai. Lakini wewe ni mfalme, una sheria yako ya kufiwa, ukoo mzima uitii. Tumeitii. Tazama ilipotufikisha.

Nakala ya tangazo iko ndani ya bahasha.

Chiriku


30 Mei

Chiriku,

Nimesoma barua yako nimesimama, kwa sababu niliifungua mlangoni. Basi, hata kukaa sikukaa.

Sikupi pole. Ningekupa Februari, ikiwa mbichi, na ingekuwa ya kweli. Sasa ingekuwa karatasi. Yako pia usinitumie.

Mwambie mama mdogo wako kwamba maneno yake yamefika, na kwamba yeye nilimlipia ada ya chuo cha ukunga.

Tangazo umeliandika vizuri. Saa ipo, mahali pa mazishi pamo, hakuna kilio cha kukodi. Umeniweka wa kwanza kati ya walioachwa, mbele yako na mbele ya watoto. Nimelisoma kwa sauti mara moja, kwa mwendo wa studio. Ni sekunde arobaini na mbili.

Sheria yangu unaiita ya kifalme. Labda. Sikuwepo kwa ndugu zangu wanne walipozikwa. Sikuweza kurudi, na sababu unazijua, nyingine zimeshakufa na waliozitunga. Nilitaka kitu kimoja tu: kufiwa saa moja na watu wa kwetu, kwa maneno yaleyale wanayosikia wao. Nilikuwa nachukua kiti, nafunga kitasa, na kwa dakika thelathini nilikuwa nipo huko. Hicho ndicho kipindi mlichokitoa kwenye ratiba.

Nataka lisomwe. Saa saba mchana, masafa mafupi, siku yoyote unayoitaka, na uniandikie tarehe mapema. Una mamlaka hayo, uliyatumia Januari kwa kalamu moja. Wapiga gitaa mliwapa siku nne za taifa. Dada yangu anadai sekunde arobaini na mbili, na anakudai wewe.

Mjomba wako


21 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mtoto wa kwanza ameng'oka jino la mbele, wa pili anakataa shule. Mwalimu anakusalimu, amesema niandike hivyo, ingawa hajui nakuandikia nini.

Tangazo halitasomwa.

Nimefungua daftari la dawati, lile la jalada la kijani. Kanuni ya nne: tangazo halisomwi baada ya mazishi, awe nani. Umeeleza na sababu pembeni, kwamba tangazo ni mwito, na baada ya mazishi halimwiti mtu, linajisifu tu. Mwandiko ni wako. Mara tatu mawaziri waliomba kanuni hiyo ivunjwe, na mara zote tatu umeandika "Hapana" na tarehe. Mimi nimeandika ya nne.

Siku zile nne palikuwa na familia kumi na sita nyingine, mbali na sisi. Nimezitafuta zote. Nyingine nimezipigia, nyingine nimeziandikia, mbili nimezifuata kwa miguu yangu. Kuna mzee mmoja muuza viatu ambaye mwanawe, kuli wa bandarini, alikosa mazishi ya baba yake mdogo kwa sababu yetu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mama, ulikuwa muziki gani huo?" Sasa nimwambie nini huyo, kwamba wa kwake hakusomwa lakini wa mkurugenzi amesomwa, miezi minne baadaye, kwa sababu mjomba wa mkurugenzi amekasirika? Hewa ya taifa si baraza ya ukoo. Hayo pia ni yako, ukurasa wa tano wa daftari hilo.

Mwakani tamasha litarushwa. Nitalitetea mpaka nistaafu, na nitakwenda kusimama kwenye vumbi mwenyewe. Watakwenda watu arobaini. Kila siku saa saba kasoro dakika mbili muziki utakatwa, hata mtu akiwa katikati ya ubeti, na majina yatasomwa kwa masafa yote. Nimepeleka bodini, wamekubali kwa shingo upande. Sikufanya hivyo kwa sababu ya makala yako, usijipongeze.

Ungekuwa wewe kwenye kiti hiki na mimi nikaja na ombi lako, ungenitimua.

Mpwa wako


15 Julai

Chiriku,

Hali yangu ni ileile. Bomba limeanza kuvuja tena.

Ningekutimua, kweli. Ningekutimua na kukunyima chai. Hilo lisikufurahishe. Siku ile barua yako ilipofika nilikuchukia tangu asubuhi hadi jioni, na kesho yake nikagundua kwamba nilikuwa namchukia mtu aliyeifanya kazi yangu sawasawa. Haikunipunguzia chuki, ila ilinichosha.

Arobaini bado ni wengi. Ishirini na watano wangetosha, na jukwaa moja.

Kuna jambo sikuliandika, si kwako wala gazetini. Nalisema sasa kwa sababu wewe umekwenda kwa watu kumi na sita na mimi sijakwenda kwa yeyote.

Gazetini niliandika kwamba siku zote nne sikusikia kitu hata kimoja kilichostahili kurushwa na redio ya umma. Jumamosi ile, saa saba na kama dakika kumi hivi za kwenu, ambazo kwangu bado ni asubuhi, watangazaji wenu walinyamaza kwa mara ya kwanza. Akasimama mwanamke, jina lake sikulipata, akaimba peke yake bila chombo. Sijui kama alikuwa kijana au mtu mzima. Sauti yake haikuwa na haraka. Niliweka kalamu chini. Nilisimama nikaongeza sauti hadi mwisho, nikafungua dirisha, na jirani wa chini akatoka barazani kusikiliza, nami nikampungia mkono kama mtu mwenye sherehe.

Hapo ndipo jina la dada yangu lingekuwa linasomwa. Nilikuwa nimesimama dirishani, nimefurahi. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nije huku.

Mwambie yule muuza viatu kwamba ulikuwa muziki mzuri. Na kama kanda ya siku hiyo ipo maktaba, usinitumie.

Mjomba wako